Kuomba Chuo Kikuu cha Marekani Ukiwa Mwanafunzi Australia: Kalenda, Fedha na Hati

Mwanafunzi wa Australia humaliza darasa la 12 mwezi wa Novemba au Desemba, ilhali vyuo vikuu vya Marekani hufungua mwaka wao wa masomo mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kwa kuwa maombi huanza kupokelewa takriban mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, kazi yote nzito ya kuomba humwangukia mwanafunzi katika wiki zilezile anazofanya mtihani wa mwisho wa jimbo lake. Hapo ndipo waombaji wengi wa huku wenye alama nzuri hukwama, maana huanza kuulizia mwezi wa Oktoba jambo lililohitaji kuanzwa mwaka mmoja nyuma.

Mwongozo huu nauandika kwa kijana aliyeko sekondari Australia anayetaka kusoma shahada ya kwanza Marekani, na kwa mzazi wake, hasa katika familia zetu zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania na sasa zinaishi Brisbane, Adelaide, Perth, Melbourne, Albury-Wodonga na kwingineko. Msimamo wangu ni kwamba kabla ya kutaja jina la chuo chochote, familia ikae chini ielewe mambo matatu: kalenda ya maombi, gharama na msaada wa fedha, na hali ya hati zake za uraia na ukaazi. Jina la chuo lije baada ya hayo.

Ijulikane pia mapema kwamba Marekani haifundishi udaktari wala sheria kama shahada ya kwanza. Mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka minne, kisha huomba upya chuo cha tiba au cha sheria, na vyuo vya tiba vya Marekani huwapokea wageni wachache mno. Kijana ambaye ndoto yake ni udaktari, na ambaye anaweza kuingia moja kwa moja katika chuo cha Australia, apime jambo hili kwa utulivu pamoja na wazazi wake kabla ya kutumia senti moja.

Kalenda mbili zinazopishana

Tuchukue mwanafunzi atakayemaliza darasa la 12 mwishoni mwa 2027. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, iitwayo Common App, hufunguliwa kila mwaka tarehe 1 Agosti, kwa hiyo kwake yeye ni tarehe 1 Agosti 2027. Maombi ya mapema hufungwa na vyuo vingi tarehe 1 Novemba, na maombi ya kawaida hufungwa siku za mwanzo za Januari 2028. University of California, yenye kampasi tisa za shahada ya kwanza zikiwemo Berkeley na Los Angeles, ina fomu yake yenyewe, ambayo hupokelewa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba au siku moja au mbili za Desemba. Chuo cha teknolojia cha MIT nacho kina fomu yake. Majibu ya maombi ya mapema hutoka katikati ya Desemba, ya kawaida hutoka kufikia mwisho wa Machi, na mwombaji huthibitisha nafasi yake kufikia tarehe 1 Mei. Masomo yataanza Agosti 2028.

Sasa iwekwe kalenda ya Australia juu ya hiyo. Mitihani ya kuandika ya HSC ya New South Wales, ya VCE ya Victoria na ya QCE ya Queensland hufanyika kati ya Oktoba na katikati ya Novemba, yaani tarehe 1 Novemba humkuta mwanafunzi katikati ya mitihani. ATAR, yaani alama ya upangaji inayotumiwa kuingia vyuo vikuu vya Australia, hutolewa katikati ya Desemba, siku zilezile ambazo majibu ya maombi ya mapema yanatoka, kwa hiyo anayeomba mapema huomba bila ATAR, akitegemea ripoti zake za shule na makadirio ya walimu. Anayeomba kwa tarehe za Januari anaweza kuituma ATAR yake, lakini huyo naye ana mtego wake. Shule za Australia hufungwa katikati ya Desemba na hufunguliwa mwishoni mwa Januari. Mwanafunzi akigundua tarehe 28 Desemba kwamba ripoti ya shule haijapandishwa kwenye mfumo, atampigia simu mshauri wa taaluma aliye likizoni, na simu ya ofisi itajibiwa na sauti iliyorekodiwa inayotaja siku ya kufungua shule, ambayo itakuwa imepita tarehe ya mwisho kwa wiki tatu au nne.

Dawa ni kurudisha kila kazi nyuma. Mtihani wa SAT au ACT, ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwapima waombaji, ufanywe nusu ya pili ya darasa la 11 na urudiwe, ikibidi, nusu ya kwanza ya darasa la 12. Walimu wa kuandika barua za mapendekezo waombwe kabla ya muhula wa pili wa darasa la 12 kwisha. Insha kuu iandikwe katika likizo ya Juni na Julai, kabla fomu haijafunguliwa, kwa sababu maswali ya insha hutangazwa miezi kadhaa kabla ya Agosti. Mwezi wa Septemba fomu iwe imejazwa, na kila kitu kinachohitaji mkono wa shule kiwe kimekwisha pandishwa kabla ya mwisho wa Novemba, hata kwa vyuo ambavyo tarehe yao ni Januari. Vyuo vingi pia hudai ripoti ya nyongeza mwanzoni mwa 2028 na ripoti ya mwisho ya kuhitimu, kwa hiyo kabla ya kuaga shule hakikisha unajua ni mtu gani atakayezituma wakati wewe si mwanafunzi tena.

Kuhusu saa: Common App hufunga saa 5:59 usiku kwa saa za mahali alipo mwombaji, na kwa hiyo mkazi wa Sydney hufungiwa mapema kuliko mkazi wa New York. Usihesabu saa za Marekani ukadhani umeongezewa muda.

Maombi ya mapema yako ya namna mbili, na kuzichanganya kunaweza kuigharimu familia. Namna ya kwanza, Early Decision, hukufunga: ukikubaliwa unatakiwa kwenda na kufuta maombi mengine yote, na vyuo kama Columbia, Brown, Cornell na Duke hutumia utaratibu huo. Namna ya pili, Early Action, haikufungi, ingawa Harvard, Yale, Princeton na Stanford huweka masharti juu ya kuomba kwingine mapema. Familia inayohitaji kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo mbalimbali isijifunge kwa Early Decision isipokuwa kama ina hakika kwamba chuo hicho hugharamia mahitaji yote ya mwanafunzi wa kigeni na imekwisha kufanya hesabu zake.

Ipo njia nyingine ambayo naipendekeza kwa dhati kwa kijana aliyefika Australia akiwa mkubwa, au ambaye Kiingereza chake bado kinakomaa: amalize darasa la 12 kwa utulivu, apate ATAR yake, kisha aombe Agosti inayofuata akiwa amekwisha hitimu. Vyuo vya Marekani havimhesabii vibaya mtu aliyepumzika mwaka mmoja, mradi aeleze alichokuwa akifanya, iwe kazi, kuitunza familia au kujitolea.

Kwa njia zote mbili kuna miezi mingi kati ya kumaliza shule na kuanza chuo, na hapo lipo kosa la kuepuka. Omba pia vyuo vya Australia kupitia mfumo wa jimbo lako, yaani UAC, VTAC, QTAC, SATAC au TISC, ukubali nafasi, na uiahirishe kama chuo kinaruhusu. Lakini usianze masomo ya shahada ya Australia huku ukisubiri majibu, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi anayehama kutoka chuo kingine, na kundi hilo lina nafasi chache na misaada michache zaidi.

Fedha

Mwaka mmoja katika chuo binafsi maarufu, ukijumlisha ada, malazi, chakula na bima, unapita dola 80,000 za Marekani, na katika vingine unapita 90,000. Mikopo ya serikali ya Australia ya HECS-HELP na FEE-HELP haiwezi kulipia shahada nzima ya ng'ambo, na mikopo ya serikali ya Marekani ni kwa raia wake na wakazi wake wanaostahili. Kwa upande mwingine, raia wa Australia na mwenye viza ya kudumu ya kibinadamu anayebaki hapa hupata nafasi inayochangiwa na serikali na kuahirisha sehemu yake ya ada kwa mkopo wa HELP. Hayo ndiyo mambo mawili ya kulinganisha, na sioni aibu kusema kwamba kwa familia nyingi jibu sahihi ni kubaki Australia kama Marekani haitatoa msaada mkubwa.

Msaada mkubwa upo, lakini mahali pachache. Kufikia mwaka 2025, vyuo ambavyo havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua, na vinavyoahidi kuziba pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa, vilikuwa ni pamoja na Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Brown, Amherst, Bowdoin na Notre Dame. Mwaka huo Harvard ilitangaza kwamba familia yenye kipato cha dola 100,000 za Marekani au chini, na mali za kawaida, haitalipa ada, malazi wala chakula. Kiasi hicho ni takriban dola 150,000 za Australia, kwa hiyo familia nyingi zetu zimo ndani yake. Ugumu uko katika kuingia, kwani Harvard huchukua waombaji wasiofika 5 kati ya kila 100.

Vipo vyuo vingine, vingi vikiwa vidogo, ambavyo huziba pengo lote kwa mgeni waliyemkubali lakini hutazama gharama hiyo wakati wa kuamua. Mwanafunzi mwenye alama bora kuliko wastani wa chuo hicho ana nafasi nzuri huko. Vyuo vya majimbo, hata vile maarufu, mara nyingi havimsaidii mgeni. University of California, kwa mfano, humtoza asiye mkazi wa California nyongeza ya zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na haina msaada wa maana kwa familia ya kigeni yenye kipato kidogo. Naona vijana wetu wengi wakianza na Los Angeles kwa sababu jina lake linajulikana nyumbani, na humlazimu mtu mmoja kuwaambia ukweli huu kabla hawajalipa ada ya kuomba.

Orodha yako basi ianzie kwenye sera ya msaada. Common App inaruhusu vyuo 20, lakini 8 au 10 vilivyochaguliwa kwa makini vinatosha kwa mwanafunzi aliye katika mwaka wa mtihani. Ada ya kuomba huwa kati ya dola 70 na 100 kwa chuo kimoja, na asiyeweza anaruhusiwa kuomba asamehewe ndani ya fomu yenyewe, kwa uthibitisho wa mshauri wa shule.

Kuomba msaada hufanywa pamoja na kuomba nafasi, na vyuo vingi havimruhusu mgeni kuomba msaada baadaye kama hakuuomba mwanzoni. Mwanafunzi asiombe nafasi bila kuomba msaada kwa matumaini kwamba atakubaliwa upesi kisha aeleze hali yake. Mlango huo kwa kawaida umefungwa. Fomu kuu ni CSS Profile, ambayo huuliza kipato, akiba, nyumba, idadi ya wanaotegemewa na hata fedha unazowatumia ndugu. Mwaka wa kodi wa Australia huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, kwa hiyo mzazi awasilishe marejesho yake ya kodi mapema baada ya Juni ili Notice of Assessment (hati ya tathmini ya kodi) kutoka ATO, yaani mamlaka ya kodi ya Australia, iwe mkononi kufikia Oktoba. Wanaopokea malipo ya Centrelink, yaani ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi, wachukue taarifa ya malipo hayo kwenye akaunti yao. Kuhusu fedha zinazotumwa kwa bibi aliyeko Bukavu au kwa ada ya shule ya mdogo aliyeko Kigoma, zitajwe kwa maelezo katika sehemu ya hali maalumu, kwa sababu ofisi ya msaada haiwezi kuzihesabu kama haikuambiwa. Chuo kikidai malipo ya CSS Profile ambayo familia haiyawezi, andikia ofisi ya msaada ya chuo hicho moja kwa moja uulize kama wana namna ya kukusamehe au fomu nyingine ya bure.

Alama, SAT na ripoti za shule

Marekani hutazama miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na si mtihani wa mwisho pekee. Mwanafunzi wa Australia aliyezoea kwamba kila kitu kinaamuliwa na ATAR huona ajabu kuulizwa ripoti ya darasa la 9, lakini ndivyo ilivyo, na shule itatakiwa kuzitoa zote kwa muhuri. Usizigeuze alama zako kuwa za Kimarekani. Katika shule nyingi za huku, asilimia 78 kwenye somo gumu ni kazi nzuri sana, na ukiibadilisha mwenyewe kwa jedwali la mtandaoni utajishusha. Mahali fomu inapouliza kipimo cha wastani wa alama, chagua kwamba shule yako haina, kisha mwombe mshauri aambatanishe maelezo ya shule yanayoonyesha jinsi inavyotoa alama.

SAT sasa hufanywa kwa kompyuta, kwa programu iitwayo Bluebook, na huchukua saa 2 na dakika 14: sehemu ya kusoma na kuandika, kisha hesabu. Alama za juu kabisa ni 1600. Baada ya miaka ya janga la korona ambapo vyuo vingi viliufanya mtihani huu kuwa hiari, baadhi wameurudisha: MIT tangu 2022, kisha Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech mwaka 2024. University of California haiutazami kabisa, hata ukiutuma. Kwa kuwa orodha hii inabadilika kila mwaka, soma ukurasa wa chuo chenyewe kwa mwaka wako wa kuomba. Ushauri wangu ni kuufanya hata kama chuo kinasema ni hiari, kwa sababu mwombaji kutoka shule isiyojulikana Marekani hupata kwa mtihani huo kipimo ambacho msomaji wa maombi anakielewa mara moja. Vituo vya SAT si vingi nje ya miji mikubwa na hujaa mapema, kwa hiyo aliyeko mji mdogo ajiandikishe miezi mitatu au minne kabla na apange nauli.

Vyuo vingi humsamehe mtihani wa Kiingereza mwanafunzi aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza. Aliyefika Australia akiwa darasa la 10 huenda akadaiwa TOEFL, IELTS au Duolingo, na hilo lisimvunje moyo.

Shughuli, insha na barua za walimu

Common App ina nafasi ya shughuli 10, na kila moja hupewa herufi 150 tu za maelezo. Hapa ndipo watoto wetu hujipunja kuliko mahali pengine popote. Wanadhani shughuli ni mashua, violini na mjadala wa shule, na mtoto ambaye kila siku anawachukua wadogo zake shuleni na kuwapikia kabla mama hajarudi kutoka zamu ya jioni huacha nafasi hizo tupu. Fomu yenyewe ina kipengele cha majukumu ya kifamilia na kingine cha kazi ya malipo. Mwanafunzi akiandika "nasaidia nyumbani" hajasema kitu. Akiandika "Nawakalimania wazazi: nasoma barua za Centrelink na za hospitali, nawapigia simu maofisa, naandaa miadi; saa 5 kwa wiki tangu darasa la 8", msomaji ameona mtu anayeaminiwa na familia nzima. Kwaya ya kanisa, madrasa, timu ya mpira ya vijana wa jumuiya, kazi ya Jumamosi dukani, zote ziandikwe kwa saa na kwa wiki zake halisi. Usizidishe, kwani mshauri wa shule anaweza kuulizwa.

Insha kuu haizidi maneno 650. Shule za Australia humfundisha mwanafunzi kuchambua kitabu na kujenga hoja, na ustadi huo haufai sana hapa, maana insha hii inataka kumwonyesha mtu: anavyofikiri, anachokijali, alivyobadilika kutokana na jambo fulani. Chagua jambo dogo unalolijua kwa undani, ulieleze kwa sauti yako. Kwa vijana waliopitia kambini nasema hivi: huna deni la kumsimulia mgeni maumivu yako ili akupe nafasi. Kama vita na safari ni sehemu ya jambo unalotaka kusema, yaandike; kama unataka kuandika juu ya hesabu, cherehani ya baba au ndege wa Australia waliokushangaza, hiyo nayo ni insha kamili, na hali ya maisha yako itaonekana katika sehemu nyingine za fomu. University of California badala ya insha moja hutaka majibu manne yasiyozidi maneno 350 kila moja, uliyoyachagua kati ya maswali manane, na kwa kawaida haihitaji barua za walimu.

Vyuo binafsi maarufu hutaka barua mbili za walimu wa masomo makuu na moja ya mshauri. Mwalimu wa Australia ameshazoea kusifu kwa kiasi, na sentensi kama "ni mwanafunzi mwenye bidii na adabu" kwake ni sifa kubwa, lakini msomaji wa Marekani huiona kuwa baridi. Nenda kwake ukiwa na ukurasa mmoja wenye orodha ya vyuo, tarehe, na mambo mawili au matatu ya darasani anayoweza kuyaeleza: mradi uliofanya, swali uliloling'ang'ania, siku uliyomfundisha mwenzako. Mweleze pia kwamba barua za Marekani huwa ndefu na huwa na mifano. Shule ambayo haijawahi kutuma mwanafunzi Marekani itahitaji kuonyeshwa mfumo wa Common App hatua kwa hatua, na mtandao wa EducationUSA wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa ushauri bila malipo kwa wanafunzi. Usimlipe dalali maelfu ya dola kwa taarifa ambazo ni za bure.

Majina, tarehe za kuzaliwa na ripoti zilizopotea

Katika familia zilizokuja kwa njia ya ukimbizi, karatasi mara nyingi hazisemi kitu kimoja. Jina la ukoo limewekwa mbele kwenye hati moja na nyuma kwenye nyingine. Ndugu watatu wana majina matatu tofauti ya ukoo kama ilivyo desturi Kongo na Burundi. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari kwa sababu ofisa alihitaji tarehe yoyote. Mambo haya ni halali na yanaelezeka, lakini mfumo wa kompyuta hauelewi. Kabla ya kujiandikisha SAT, amua jina moja, nalo liwe kama lilivyo kwenye pasipoti au hati ya kusafiria, herufi kwa herufi, kisha ulitumie kwenye SAT, Common App, CSS Profile na ripoti za shule. Mwombe karani wa shule arekebishe jina kwenye mfumo wake mwanzoni mwa darasa la 11, kwa sababu marekebisho kama haya huchukua muda.

Aliyesoma darasa la 9 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma na hana ripoti aandike hivyo wazi katika sehemu ya maelezo ya ziada, akitaja shule, miaka na sababu, na mshauri athibitishe kwa barua. Vyuo vinavyopokea wanafunzi wa dunia nzima vimezoea hali hizi. Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili kitafsiriwe na mfasiri mwenye kibali cha NAATI, shirika la Australia linalowathibitisha wafasiri, na nakala ya asili iambatane na tafsiri.

Uraia kwanza

Sehemu hii naiombea usomaji wa makini kuliko zote. Mwenye ukaazi wa kudumu hupewa ruhusa ya kutoka na kurudi Australia kwa miaka mitano tangu viza itolewe. Baada ya hapo anahitaji viza ya kurudi, na sharti lake la kawaida ni kuwa ameishi Australia miaka miwili kati ya mitano iliyopita. Kijana anayekwenda kusoma Marekani miaka minne na kurudi likizo tu anaweza kujikuta hatimizi sharti hilo. Uraia nao, kwa kanuni ya jumla, unahitaji miaka minne ya kuishi kihalali, mwaka wa mwisho ukiwa wa ukaazi wa kudumu, bila kuwa nje zaidi ya miezi 12 katika miaka hiyo minne wala zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Kwa maneno mengine, akienda kusoma miaka minne kabla hajapata uraia, kwa sehemu kubwa atalazimika kuijenga upya hesabu hiyo akirudi. Aliyebakiza mwaka mmoja au miwili, ni heri asubiri, aapishwe, achukue pasipoti, ndipo aondoke.

Pasipoti ina uzito pia upande wa Marekani, kwani muda na masharti ya viza ya mwanafunzi hutegemea uraia wa mwombaji. Juni 2025 serikali ya Marekani ilizuia viza, zikiwemo za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa zikiwemo Burundi na Somalia, na orodha ikaongezwa baadaye mwaka huohuo. Aliye na uraia wa nchi mbili na anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha hakuzuiwa. Isitoshe, raia wa Australia ana viza ya kazi ya E-3, iliyoanzishwa 2005 kwa ajili ya Waaustralia pekee, nafasi 10,500 kwa mwaka, inayomwezesha kufanya kazi ya kitaalamu Marekani baada ya shahada.

Baada ya kukubaliwa

Ukithibitisha nafasi, chuo kitakuomba uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza. Barua ya msaada ya chuo chenyewe huhesabiwa humo. Kisha kitakutumia fomu ya I-20, ambayo ni hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi. Kwa kutumia namba iliyo juu yake utalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, utajaza DS-160, yaani fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, utalipa ada ya viza ya dola 185, na utaweka miadi ya mahojiano katika ubalozi mdogo wa Sydney, Melbourne au Perth. Aliyeko Adelaide, Hobart au Darwin atasafiri, kwa hiyo apange nauli hiyo mapema. Miadi ya Juni na Julai hujaa, basi iwekwe mara I-20 inapofika. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wametakiwa kuziacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Katika mahojiano ofisa huuliza mambo matatu: kwa nini chuo hicho, nani analipa, na una mpango gani baada ya masomo. Kisheria mwombaji lazima aonyeshe kwamba anakusudia kurudi, kwa hiyo eleza kwa ufupi na kwa ukweli kinachokufunga na Australia: familia, uraia, kazi unayotaka kuifanya hapa. Jibu mwenyewe kwa Kiingereza. Mzazi hataruhusiwa kukusemea.

Viza ikitoka, kagua herufi za jina na tarehe kabla ya kukata tiketi. Unaruhusiwa kuingia Marekani siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20, wala si mapema zaidi. I-20 yenye sahihi yako, barua ya kukubaliwa, barua ya msaada wa fedha na risiti ya SEVIS viwe katika mkoba wa mkononi, kwa sababu ofisa wa uhamiaji huviomba kabla hujafika mahali pa kuchukulia mizigo.